Unataka kuchunguza sauti na sarufi ya lugha ya Kibantu (au ndugu zake wa Niger-Congo)? Anzia hapa

Maswali ni yaleyale kila siku. Nianzie wapi? Nitajuaje kama hii lugha ina toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana)? Ngeli nazihesabuje? Nimesharekodi maneno mia tano, sasa nifanye nini nayo? Kwahiyo nayaandika yote mara moja, anayeuliza tena atatumiwa hii. Nimemlenga mtu ambaye kichwani ana Kiswahili na anataka kuchunguza lugha nyingine ya Niger-Congo, iwe ya bibi yake au ya watu asiowajua kabisa. Nadharia nimepunguza sana, utaisoma ukishakuwa na data mkononi.

Kitu kimoja ukijue kabla hujagusa rekoda: Kiswahili chako kitakubeba halafu hichohicho kitakudanganya. Niger-Congo, ukoo wa lugha ambao Kibantu kimo ndani yake, ina lugha zaidi ya 1,500, zimetapakaa kuanzia Senegal mpaka Afrika Kusini, na Kibantu peke yake kina lugha kama 500 hivi. Ngeli umeshazizoea, minyambuliko ya vitenzi umeshaizoea, huo ni mtaji ambao mgeni anausotea miaka. Lakini Kiswahili hakina toni, kina irabu tano tu, na mkazo wake umekaa palepale silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio lako limekua likiambiwa hayo mengine hayana kazi. Karibu kila kosa la anayeanza linatokea hapo, sio kwenye vifaa.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Rekoda inayotoa faili za WAV, 44.1 kHz biti 16 au 48 kHz biti 24. Simu inafaa ikiwa ina programu ya kurekodi WAV. Voisi nouti za WhatsApp usitumie, sauti inabanwa na baadhi ya vitu unavyovitafuta vinapotea humo humo.
- Maiki ya kuvaa kichwani au ya kubana kwenye nguo. Maiki ya ndani ya laptopu inarekodi feni ya laptopu, mtu utamsikia kwa mbali.
- Headifoni za kufunika masikio.
- Praat (ya kupima sauti), ELAN (ya kuandika maneno sambamba na rekodi), FLEx (ya kamusi na uchambuzi). Zote za bure.
- Fonti ya Charis SIL au Doulos SIL na kibodi ya alama za IPA (alfabeti ya kimataifa ya kuandika sauti).
- Daftari, kalamu, na kadi za karatasi ngumu kama mia mbili. Kadi usizidharau, utaona kwenye toni.
- Orodha ya maneno. Ya Swadesh (orodha fupi ya maneno ya msingi, 100 au 207) ni ya kupasha moto tu, kwa kazi yenyewe tafuta ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha za Afrika, ipo ya SIL (shirika la utafiti wa lugha) yenye maneno 1,700.

IPA jifunze angalau irabu zote na konsonanti za kawaida kabla hujaenda. Usiseme nitajifunza hukohuko.

Hatua ya 1: Jua lugha yako imekaa wapi

Tafuta kodi yake ya ISO 639-3, herufi tatu (Kiyoruba ni yor, Kikuyu kik, Kiganda lug), kisha ingia Glottolog (orodha ya mtandaoni ya lugha na maandiko yake) uone nani ameshaandika nini. Watu wengi wanaanza kutoka sifuri wakati kuna sarufi nzima ya mmisionari fulani imekaa inakula vumbi. Hata kama mzee yule hakuandika toni, orodha yake ya maneno inakuokolea muda.

Kama ni ya Kibantu utakutana na kodi za Guthrie (mtaalamu aliyezigawa lugha za Kibantu kwa kanda), herufi A mpaka S na namba: Kiswahili G42, Kikuyu E51, Kizulu S42. Hapo ndo watu wanapoteleza. Zile kanda ni za kijiografia zaidi, kwahiyo lugha mbili kuwa pamoja kwenye kanda moja sio ushahidi kwamba ni ndugu wa karibu. Tumia kodi kutambulisha lugha tu, ukoo uthibitishe kwa data.

Hatua ya 2: Kibali na ridhaa

Tanzania unaomba COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST, na ukifika eneo lenyewe unapita kwa viongozi wa pale kabla hujamhoji mtu yeyote. Omba mapema, haya mambo huwa hayaendi kwa haraka yako.

Ridhaa ya mzungumzaji iulize vipande vipande: anakubali kurekodiwa? anakubali rekodi ihifadhiwe watu wengine waisikilize? anataka jina lake litajwe au lifichwe? Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili, na ni haki yake. Asiyesoma arekodiwe akikubali kwa mdomo, tena kwa lugha yake. Na muda wake umlipe, kukaa saa mbili ukirudiarudia "jiwe, mawe, jiwe langu" ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 3: Tafuta watu sahihi

Anza na mmoja anayeongea bila kuchoka, halafu uwe na wengine watatu au wanne wa kuhakiki, wanaume na wanawake, wazee na vijana, wote wa eneo moja kwanza. Ukichanganya lahaja mwanzoni utakaa unatafuta kanuni ya kueleza tofauti ambayo kumbe ni ya kijiji hiki na kile.

Anayejua "lugha safi" kuliko wote kijijini sio lazima awe chaguo lako la kwanza, maana wengine wanakurekebishia data kabla haijakufikia. Ukimuuliza watu wanasemaje, yeye anakujibu watu *walipaswa* kusemaje. Msikilize, ila mwekee alama. Na meno ya mbele muhimu jamani, mzee asiye na meno ana hadithi tamu sana lakini f na s zake zitakupoteza.

Hatua ya 4: Rekodi maneno, ila sio kama orodha ya sokoni

Kila neno lisemwe mara tatu, halafu lisemwe ndani ya sentensi isiyobadilika, mfano "nimeona ___ jana". Hiyo sentensi tutaiita fremu na ndo rafiki yako mkubwa kuanzia sasa. Sababu ni kwamba mtu akisoma orodha anakuwa na mwimbo wa orodha, neno la katikati linapanda, la mwisho linashuka, na wewe utakuja kuandika mwimbo wa orodha ukidhani ni toni ya neno.

Nomino chukua umoja na wingi palepale, usiseme wingi nitarudi. Wingi unafichua sauti zilizojificha. Chukulia Kiswahili chetu wenyewe, ulimi wingi wake ndimi: ungekuwa na umoja tu usingejua kwamba nazali (sauti ya puani kama n) ikikutana na l inatoka nd. Kiganda neno hilohilo ni olulimi, wingi ennimi, maana kule ile nd imemezwa na nazali inayofuata. Maneno mawili tu hayo na tayari una kanuni mbili za kuchunguza.

Jihadhari na haya:
- Viungo vya mwili na ndugu mara nyingi vinakuja na umiliki umegandamana. Ukiuliza "baba" ukapewa neno, muulize pia baba yangu, baba yako, baba yake, ndo utajua ulichopewa ni kipi.
- Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuwa vitatu kule. Uliza kuvunja kijiti, kuvunja chungu, kuvunja mfupa, kila kimoja peke yake.
- Akisita kabla ya kujibu, andika kwamba alisita. Mara nyingi anatafsiri Kiswahili chako neno kwa neno ili asikuangushe.

Hatua ya 5: Irabu

Usianze kwa kudhani tano. Lugha nyingi za Kibantu zina saba: Kikuyu, Kinyamwezi, Kisukuma, Kinyakyusa. Sikio la Mswahili linazikunja saba kuwa tano bila hata kukuuliza. Kikuyu kinaandika i, ĩ, e, na ile ĩ wewe utaisikia leo kama i, kesho kama e, hali mzungumzaji kasema kitu kilekile. Huo ndo mtihani wako: ukijikuta unaandika neno moja mara na i mara na e, acha kulaumu mzungumzaji, umefika kwenye irabu ambayo huna. Kwa u na o hivohivo.

Kusanya mashina mafupi ya vitenzi yenye irabu moja katikati, yapange mawilimawili, yasikilize mfululizo kwa headifoni. Unatafuta jozi za mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu na maana ikabadilika. Ukizikosa sio mwisho wa dunia, maneno yanayokaribiana nayo yanasaidia.

Ukitoka Kibantu ukaenda Kiakan au Kiigbo utakuta irabu zimegawanyika makundi mawili kulingana na mzizi wa ulimi umesogezwa mbele au la, na kwa kawaida neno moja linachagua kundi moja. Namna ya kulinasa: angalia viambishi. Kama kiambishi kilekile kinabadilisha irabu yake kufuata shina, una tangamano la irabu. Sisi tunalo kidogo, pik-i-a lakini som-e-a, kwahiyo wazo sio geni kwako.

Urefu nao. Kiganda okusika ni kuvuta, okusiika ni kukaanga. Konsonanti nazo zinarefuka hukohuko, okuta ni kuachia na okutta ni kuua, hapo ukikosea kwenye kamusi umemuua mtu.

Hatua ya 6: Konsonanti

Hapa nitapita haraka kwa sababu wengi mnaziweza, ila angalia haya.

*kp na gb.* Sio k halafu p. Midomo na nyuma ya ulimi vinafunga pamoja na kuachia karibu kwa pamoja. Mwanzoni utasikia p tupu au kw. Mtazame mtu mdomoni: ukisikia k na midomo imefungwa, ndo yenyewe. Na usidanganywe na maandishi, kwenye tahajia ya Kiyoruba herufi p inasomwa kp.

*f na v za midomo miwili.* Kiewe kina v ya meno na midomo kama yetu, na kina nyingine ya midomo mitupu inayoandikwa ʋ. Jina la lugha yenyewe, Eʋe, na neno la "mbili", eve, vinatofautiana hapo. Hapa tena macho yanafanya kazi kuliko masikio, ukiruhusiwa piga video.

*b, d, g.* Waswahili wengi wanazitamka kwa kuvuta hewa kidogo ndani bila kujua. Ukikutana na lugha inayotofautisha b ya kuvuta na b ya kawaida utaona zote sawa, kwahiyo ipime Praat.

*Mpumuo* (pumzi inayotoka pamoja na konsonanti). Kama umekulia pwani unajua paa la nyumba na paa mnyama hazitamkwi sawa kwa wanaotofautisha. Waliokulia bara wengi hawatofautishi, basi wajifunze kuweka kiganja mbele ya mdomo wa msemaji (kwa adabu, muombe kwanza) au watumie karatasi nyepesi.

Sauti zikibadilika zikikutana, tafuta sababu kwenye jirani yake. Kikuyu kina kũruga (kupika) na kũrĩma (kulima), lakini gũthoma (kusoma) na gũtema (kukata). Anayeanza anaandika "kuna viambishi viwili". Kipo kimoja, k yake inakuwa g pale shina linapoanza na konsonanti isiyo na mghuno (koo halitetemi) kama t na k, na pia th. Wataalamu wanaiita Kanuni ya Dahl na iko kwenye lugha kadhaa za Afrika Mashariki, so ikague kwenye ya kwako.

Hatua ya 7: Toni, usiiahirishe

Najua umepanga kuiweka mwisho. Usifanye hivo, maana ukiandika maneno elfu bila toni utarudia maneno elfu. Lugha nyingi za Niger-Congo zina toni, zisizo nayo ni chache, mfano Kiwolofu, Kifulfulde na Kiswahili chetu. Kwahiyo ukifika mahali chukulia toni ipo mpaka data ikukatalie.

Ione kazi yake kwenye Kiigbo, chenye toni mbili za msingi: ákwá ni kilio, ákwà nguo, àkwá yai, àkwà kitanda. Konsonanti zilezile, irabu zilezile, maneno manne. Kwenye lugha nyingi za Kibantu utapata jozi chache za namna hii kuliko Afrika Magharibi, na hapo ndo watu wanasema "hamna toni hapa". Kumbe toni imehamia kwenye sarufi, inatofautisha wakati na wakati, au sentensi ya kawaida na kishazi rejeshi.

Fanya hivi:

a) Chagua nomino za umbo moja kabisa, mfano zote kiambishi kimoja na shina la silabi mbili. Usichanganye fupi na ndefu.

b) Kila moja iandike kwenye kadi yake, maana nyuma.

c) Mzungumzaji aziseme kwenye fremu ileile. Wewe huandiki juu wala chini, unasikiliza swali moja tu: hii na iliyopita mwimbo ni uleule au tofauti? Uleule, weka rundo moja. Tofauti, anzisha rundo lingine.

d) Ukikwama muombe apige mluzi au agune neno bila kutamka. Wengine wanaliweza mara moja, wengine wanacheka nusu saa, tafuta anayeweza.

e) Ukishapata marundo, badilisha fremu na upange upya. Rundo moja likigawanyika mawili, shangilia, maana kuna toni ilikuwa imejificha neno likiwa peke yake.

f) Sasa ndo ufungue Praat na uyape marundo majina, juu-juu, juu-chini na kadhalika.

Vitenzi fanya hivohivo. Lugha nyingi za Kibantu zinagawa vitenzi makundi mawili tu, vyenye toni ya juu na visivyo na toni. Kigumu ni kwamba ile toni haikai ilipozaliwa. Mfano mzuri upo Kizigula: *kudamanya* (kufanya), *kudamanyiza* (kufanyia), *kudamanyizana* (kufanyiana), hakuna toni ya juu popote. Halafu chukua *kulombéza* (kuomba), *kulombezéza* (kuombea), *kulombezezána* (kuombeana). Alama ya juu angalia inavyokimbia, kila ukirefusha kitenzi inasogea ikae silabi ya pili kutoka mwisho. Ni toni ya mzizi ileile, imesafiri. Mtu aliyerekodi *kulombezezána* peke yake angeandika kwamba kiambishi cha kutendana, -an-, kina toni ya juu, na angekuwa amekosea. Ndiyo maana kitenzi kimoja lazima ukirefushe na kukifupisha kabla hujasema toni ni ya nani.

Kosa lingine kubwa ni kulinganisha mwanzo wa sentensi na mwisho wake. Sauti ya mtu inashuka polepole anavyoendelea kusema, toni ya juu ya mwisho inaweza kuwa chini kuliko toni ya chini ya mwanzo. Linganisha na jirani, usilinganishe na namba za hertz.

Hatua ya 8: Ngeli

Hapa Mswahili anatamba, na hapo hapo anaharibu kwa kulazimisha ngeli za shuleni. Acha A-WA na KI-VI nyumbani, tumia namba za Bleek na Meinhof (wataalamu wa zamani wa Kibantu) ambazo wachunguzi wa Kibantu wanatumia kote: 1/2 ya watu, 3/4 ya mti/miti, 5/6, 7/8 ki-/vi-, 9/10, 11, 14, 15, na mahali 16, 17, 18. Kwa nini namba? Kwa sababu ngeli hazioani sawa kila lugha. Ngeli ya 12, ka-, sisi hatunayo. Kikuyu kinayo na wingi wake ni tũ- (kahiũ kisu, tũhiũ visu), Kiganda kinayo na wingi wake ni bu-. Umoja mmoja, wingi tofauti. Ukizipa majina ya jozi utakwama hapo.

Ngeli haitambuliwi kwa kichwa cha nomino (kiambishi chake cha mwanzo), inatambuliwa kwa upatanisho. Kifaru ana ki- lakini tunasema kifaru *yule* *amekufa*. Basi kila nomino ipitishe kwenye sentensi ndefu moja, kitu kama "___ hiki changu kizuri kimoja kimeanguka", halafu wingi wake. Nomino zenye upatanisho uleule mstari mzima ni ngeli moja, hata kama vichwa vinatofautiana kama mbingu na ardhi. Chora jedwali, safu kwa ngeli, kolamu kwa kionyeshi, kimilikishi, kivumishi, namba, kiambishi cha mtenda, kiambishi cha mtendwa. Penye tundu ndo pa kuuliza kesho.

Nje ya Kibantu legeza matarajio. Kifulfulde kina ngeli nyingi lakini zinakaa mwisho wa neno, na konsonanti ya mwanzo nayo inabadilika: Pullo mmoja, Fulɓe wengi. Lugha za Kimande hazina ngeli kabisa. Usizitafute kwa nguvu.

Hatua ya 9: Kitenzi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Nafsi zote sita kwanza huku wakati umeshikilia, halafu wakati huku nafsi imeshikilia, halafu ukanushi, halafu weka mtendwa, halafu minyambuliko. Inachosha ila ndo njia.

Wakati uliopita usiulize kwa "nililima" tu. Lugha nyingi zinagawa, Kikuyu kwa mfano kinatofautisha kilichotokea leo, jana na zamani. Uliza "nililima leo asubuhi", "nililima jana", "nililima mwaka ule", na uangalie toni pia maana mara nyingine viambishi ni vilevile na toni ndo imebadilika. Ukanushi usiuchukulie kuwa ni yakinishi pamoja na "si", kwenye Kiswahili chenyewe alisoma inakuwa *hakusoma*, kiambishi cha wakati nacho kimebadilika.

Afrika Magharibi usishangae kitenzi kikigawanyika. Kiyoruba *Ó mú ìwé wá* ni "alileta kitabu", lakini ndani kuna chukua (mú) na kuja (wá), kitabu katikati. Ukimbana mzungumzaji akupe neno moja la kuleta anaweza kukupa kitu cha kukuridhisha ambacho hakuna anayekisema.

Hatua ya 10: Rekodi watu wakiongea

Hadithi, namna ya kupika, ugomvi wa mipaka ya shamba (kwa ridhaa!), watani wakitaniana. Tanakali za sauti, viunganishi, namna ya kusisitiza, hayo hayapatikani kwa kuuliza "mnasemaje". Rekodi kiasi kidogo ukiandike chote, sio masaa mengi yasiyoandikwa, maana dakika moja ya hadithi inaweza kula saa nzima ya kuandika na kutafsiri.

Uchambuzi uandike mistari mitatu, ukitenganisha vipande kwa vistari vinavyolingana:

a-li-m-pik-i-a
yeye.1-uliopita-yeye.1-pika-tendea-kiishio
"alimpikia"

Idadi ya vistari juu iwe sawa na ya chini. Ukishindwa kusawazisha maana yake hujaelewa kipande kimoja, kiwekee alama ya kuuliza uendelee.

Faili zipe jina siku hiyohiyo: kodi ya lugha, tarehe, namba ya msemaji, mada. Nakala tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. "Rekodi mpya (7)" sio jina.

Ikigoma

*Mzungumzaji anasema maneno mawili ni sawa, mimi nasikia tofauti.* Cheza rekodi zake mwenyewe kwa kuchanganya bila yeye kujua ipi ni ipi, muulize maana. Akipatia karibu zote, tofauti ipo. Akibahatisha, masikio yako yamekuletea kitu ambacho lugha haikitumii.

*Wazungumzaji wawili hawakubaliani.* Andika wote wawili, na umri na wanapotoka. Usipige kura.

*Marundo ya toni hayatulii, kila siku yanabadilika.* Mara nyingi umechanganya maumbo, au mzungumzaji amechoka na anasema kama anauliza. Simamisha, kunyweni kitu, rudini na nomino kumi tu.

*Praat haichori mstari wa sauti, au unaruka ghafla juu.* Badilisha mipaka ya hertz: mwanaume jaribu 75 mpaka 300, mwanamke 100 mpaka 500. Ukikatika kwenye p, t, k, s ni kawaida, hizo hazina mghuno. Na ukishuka kidogo baada ya b, d, g, z usikimbilie kuandika toni ya chini, konsonanti zenye mghuno huwa zinavuta sauti chini, japo lugha kama Kizulu zimeligeuza hilo kuwa kanuni kamili, kwahiyo linganisha na maneno yenye m, n, l.

*Alama zangu za IPA zimekuwa visanduku.* Fonti. Weka Charis SIL kila mahali unapofungulia faili, na kama ulitumia fonti za zamani zisizo za Yunikodi, geuza faili zote sasa hivi kabla hazijawa nyingi.

*Nina nomino mbili haziingii ngeli yoyote.* Angalia kwanza kama ni za watu, wanyama au za kukopwa, hizo huwa na upatanisho wa kwao. Kama sio, zitafutie wenzake kumi kabla hujatangaza ngeli mpya. Ukipata sita au saba zenye upatanisho uleule, tangaza.